Mtu wa Mguu wa Heri

Katika makumbusho ya Valletta, kisiwani Malta, ipo nguzo fupi ya marumaru iliyochongwa karne ya 2 K.K. Kwenye kitako chake ndugu wawili waliandikisha maneno machache kwa lugha mbili, Kifoinike juu na Kigiriki chini. Waliitwa Abdosir na Osirshamar, wana wa Osirshamar bin Abdosir. Mjukuu amebeba jina la babu, kama tufanyavyo pwani mpaka leo. Wanasema waliweka nadhiri kwa Melqart, mungu wa mji wa Tiro, naye akaisikia sauti yao, wanamwomba awabariki. Basi. Hawakusema walichokuwa wakikiogopa, kama ni bahari, maradhi au deni.

Kifoinike kiliandikwa kwa konsonanti tupu, irabu akajazia msomaji mwenyewe. Nadhiri ya ndugu hawa imeandikwa N-D-R. Neno lao la mtumishi, lililo mwanzoni mwa jina Abdosir, ni lilelile tunalolisikia katika Abdi na Abdallah. Mwana ni B-N, ndiyo bin yetu. Sauti ni Q-L, nasi tunasema kauli. Kubariki ni B-R-K. Nilipoyaona maneno haya kitabuni kwa mara ya kwanza niliyasoma kwa sauti, peke yangu chumbani, kisha nikayarudia. Watu waliokufa kabla ya Kristo kuzaliwa walikuwa wakizungumza, na mtoto wa Pangani alikuwa anaelewa nusu ya maneno yao.

Nguzo zilikuwa mbili, pacha. Mwaka 1782 moja ilipewa mfalme wa Ufaransa, Louis wa 16, na leo imo Louvre, Paris. Mwenzake akabaki Malta. Ni kwa maandishi hayo padri Mfaransa, Jean-Jacques Barthélemy, aliweza kuisoma tena lugha hii mwaka 1758, baada ya karne nyingi za kuwa bubu. Kigiriki kilimwonyesha maana, na Kiebrania alichokijua tangu zamani kikamwonyesha kwamba hakuwa mbele ya mgeni.

Niseme mapema, asije mtu akanielewa vibaya: nadhiri, baraka, kauli na bin hatukuzipata kwa Wafoinike. Tuliletewa na Kiarabu, kwa majahazi na kwa dini, na wakati huo Kifoinike kilikuwa kimeshazikwa. Kiarabu na Kifoinike ni ndugu wa ukoo mmoja, na ndugu hurithi vitu vya aina moja. Wapo wanaopenda kuikumbuka habari iliyoandikwa na mwanahistoria Herodoto, kwamba mabaharia Wafoinike waliotumwa na Farao Neko waliizunguka Afrika nzima kwa miaka mitatu, wakishuka njiani kulima na kuvuna, wakitaka tuamini walikunywa maji ya visima vyetu. Huenda. Lakini undugu ulio katika maneno hauhitaji ushahidi wa jahazi.

Wafoinike wenyewe hawakujiita hivyo. Jina hilo ni la Wagiriki, waliowahusisha na rangi ile nyekundu ya zambarau iliyotengenezwa kwa konokono wa bahari. Wao walijiita kwa miji yao, iliyopangana kwenye pwani ambayo leo zaidi ni Lebanoni: mtu wa Tiro, mtu wa Sidoni, mtu wa Gebali, mtu wa Arwad. Na kwa ujumla walikuwa Wakanaani. Lugha yao ilikuwa karibu mno na Kiebrania, kiasi kwamba nabii Isaya alipotaka kuitaja lugha ya watu wake aliiita lugha ya Kanaani. Kiaramu ni jirani yao wa damu. Kiarabu, Kiakadi cha Babeli, na Kigeezi cha Ethiopia pamoja na ndugu zake Kiamhari na Kitigrinya ni wa nasaba hiyohiyo. Wanazuoni wa Ulaya waliipa nasaba hiyo jina la Kisemiti mwishoni mwa karne ya 18, kwa jina la Shemu mwana wa Nuhu.

Mswahili anaweza kuufahamu ukoo huo bila kwenda darasani. Chukua hekima, hakimu, hukumu na mahakama. Irabu zinakuja na kuondoka kama maji ya bamvua, ila H-K-M imesimama palepale kama mwamba. Chukua tena salamu, salama, usalama, silimu. Kiswahili ni Kibantu, kinajenga neno kwa kulitangulizia viambishi na kulifuatishia vingine: mtu, watu, utu. Lugha za Kisemiti zinaweka maana katika konsonanti, mara nyingi tatu, na irabu zinapita katikati kusema nani, lini na vipi. Kinywa chetu kimejifunza kucheza ngoma zote mbili.

Na mabadiliko ya sauti yana mpango wake. Pale Kiarabu kinapotamka th, Kifoinike kilisema sh. Thelathini ya mnada na duka, kwao ilikuwa na konsonanti sh-l-sh-m. Mara nyingi s nayo ilikuwa sh: saba ilianza na sh-b, salama ni sh-l-m. Mia ilikuwa m-'-t na elfu ilikuwa '-l-p. Sasa angalia jina la mji wao mkubwa kupita yote, Karthago, uliojengwa na watu wa Tiro kwenye pwani ya Tunisia ya leo. Kwa lugha yao uliitwa Qart Hadasht, Mji Mpya. Mpya ni H-D-SH. Ukiigeuza ile sh kuwa th ya Kiarabu unapata H-D-TH, na hilo ndilo shina la neno hadithi, yaani jambo jipya, habari. Bibi zetu waliotuita jioni waseme paukwa, nasi tukajibu pakawa, walikuwa wakitoa kitu kilichobeba mzizi wa jina la Karthago.

Maandishi yanayonigusa zaidi yako mbali na bahari, milimani, mahali paitwapo Karatepe kusini mwa Uturuki. Yaligunduliwa mwaka 1946 na Helmuth Bossert na Halet Çambel. Ni ya karne ya 8 K.K., na mwenye kuyaandikisha, mtawala aitwaye Azatiwada, hakuwa Mfoinike. Aliandika kwa Kiluwi, kwa maandishi ya picha, halafu akaandika yaleyale kwa Kifoinike, kwa sababu hiyo ndiyo lugha iliyofika mbali wakati wake, kama vile mtu wa Bukavu anavyoweza kuchagua Kiswahili ili asikike mpaka ng'ambo ya ziwa. Anasema wafalme walimfanya kuwa baba kwa mambo matatu: uadilifu wake, hekima yake na wema wa moyo wake. Kwa Kifoinike la kwanza ni TS-D-Q, lililo pia katika sadiki na sadaka. La pili ni H-K-M, hekima. La tatu ni N-'-M, ambalo kwetu ni neema. Kati ya mambo hayo matatu hakuna panga wala mali. Mahali ambapo zamani mwanamume aliogopa kupita njiani, anasema, katika siku zake mwanamke anatembea peke yake na vijiti vyake vya kusokotea uzi.

Wafalme wa enzi hiyo walijisifu kwa miji waliyoichoma, na Azatiwada naye amejisifu kwa ngome na maghala na maadui aliowatia chini ya miguu yake. Sitamgeuza kuwa mtakatifu. Lakini alipotafuta kipimo cha amani hakuhesabu askari wake. Alitazama barabara akaona mwanamke anapita bila hofu, mikono yake ikiendelea na kazi. Wazee waliokaa barazani kusuluhisha ugomvi wa mipaka wangemwelewa mara moja. Nami nimeishi kwenye miji yenye polisi wengi ambayo kipimo hicho kingeiangusha.

Herufi zao zina hadithi ndefu zaidi ya lugha yenyewe. Zilizaliwa kabla yao. Katika machimbo ya feruzi ya Serabit el-Khadim, jangwani Sinai, Flinders Petrie aliokota mwaka 1905 maandishi yaliyofanana na picha za Wamisri ila hayasomeki Kimisri. Mwaka 1916 Alan Gardiner akasoma ndani yake neno moja, la kumtolea zawadi Baalat, yaani Bibi, mungu wa kike wa mahali pale. Wengi wanaona walioandika walikuwa Wakanaani waliokuja kufanya kazi Misri. Waandishi wa Farao walikariri mamia ya alama kwa miaka mingi. Watu hawa walichukua picha chache tu, na kila picha wakaipa sauti ya kwanza ya jina lake kwa lugha yao. Picha ya nyumba, bet, ikawa b. Picha ya maji, mem, ikawa m. Kitu kikubwa kama hicho kikatoka kwa watu wasio na cheo, jangwani, mbali na shule zote za Misri.

Wafoinike wakazipunguza zikawa 22, wakazinyoosha, wakaziandika kutoka kulia kwenda kushoto, wakasafiri nazo. Geuza A kubwa juu chini: hilo ni fuvu la ng'ombe na pembe zake mbili, kwa sababu herufi ya kwanza iliitwa alp, ng'ombe. M bado ina mawimbi. K ni kap, kiganja, ndugu wa neno kofi. R ni rosh, kichwa, na sisi tuna rasi inayojitokeza baharini na rais anayekaa mbele ya watu. B ni nyumba, na mshairi wetu anapotunga ubeti anajenga nyumba asijue, maana beti ni neno la Kiarabu lililo nyumba na mshororo wa shairi kwa pamoja. O iliitwa ayn, jicho. Waliichora duara, basi.

Wagiriki walizipokea na kuziita herufi za Kifoinike, bila kuona haya kusema walikozipata. Lugha yao haikuwa na baadhi ya sauti za kooni za Wasemiti, hivyo alama zilizokuwa hazina kazi wakazifanya irabu. Ng'ombe akawa a, jicho likawa o. Kutoka kwao zikaenda Italia, zikawa za Warumi, na kwa njia hiyo ndefu zikafika katika gazeti na ujumbe wa simu tunaousoma leo. Tawi la pili lilipitia kwa Waaramu, likawafikia Wanabati, likawa herufi za Kiarabu, nazo zikaja pwani yetu. Kwa herufi hizo watu wa Pate, Lamu, Mombasa na Unguja waliandika tenzi, hati za mashamba na barua za mahaba. Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728, uliandikwa hivyo. Kiswahili basi kimevikwa nguo mbili katika maisha yake, na zote mbili zilifumwa na fundi mmoja.

Fundi huyo yeye mwenyewe alikufa uchi. Hili ndilo linaloniuma. Mji wa Gebali, ambao Wagiriki waliuita Byblos, neno linalosikika ndani ya Biblia, ulipitisha karatasi nyingi za mafunjo, lakini hakuna kitabu hata kimoja cha Kifoinike kilichotufikia. Mafunjo yalioza kwa unyevu wa pwani. Yamebaki mawe: makaburi, nadhiri, laana kwa atakayefungua jeneza. Mwaka 146 K.K. Roma iliangamiza Karthago, na vitabu vya mji vikagawiwa watawala wadogo wa Afrika. Kimoja tu seneti iliamuru kitafsiriwe, kitabu cha Mago juu ya kilimo, juzuu 28, kwa sababu Warumi walitaka kujua kulima kama Wakarthago. Hata hicho kimepotea, yamebaki vipande kwenye vitabu vya wengine. Kimojawapo kinamshauri anayenunua shamba auze nyumba yake ya mjini, asije akaipenda hiyo kuliko udongo. Busara ya mababu hao tunaisikia leo kwa kinywa cha waliowaua.

Hata hivyo moto wa Roma haukuiua lugha. Miaka zaidi ya 500 baadaye, wakulima wa Algeria ya leo walikuwa bado wanaisema. Agostino wa Hippo anasimulia jinsi askofu Valerius alivyowasikia watu wa mashambani wakitaja neno lililosikika kama salus, ambalo kwa Kilatini ni wokovu. Akauliza, akaambiwa kwa lugha yao maana yake ni tatu. Sh-l-sh ileile. Na anasema ukiwauliza watu hao wao ni nani, wanajibu kwa lugha yao kwamba ni Wakanaani. Karthago imeshakuwa majivu, Tiro iko mwisho wa bahari, na mtu mwenye jembe mkononi bado anajua kwao.

Karibu na mwaka 390, mwalimu mmoja wa sarufi wa mji wa Madauros, Maximus, alimwandikia Agostino barua ya kuyacheka majina ya Kifoinike ya Waafrika waliouawa kwa ajili ya imani. Majina ya ajabu, kwake, yasiyostahili kutajwa karibu na miungu wa Roma. Mojawapo lilikuwa Namphamo. Agostino alijibu kwa ukali. Alimwambia: wewe ni Mwafrika, unawaandikia Waafrika, na wote tuko Afrika. Huwezi kuyacheka majina haya. Akamkumbusha kwamba watu wenye elimu wameshuhudia kuwa vitabu vya lugha hiyo vilihifadhi mambo mengi ya hekima, na kwamba kama anaidharau, basi na aone haya kwa kuzaliwa mahali ambapo kitanda cha utoto cha lugha hiyo bado kina joto. Kisha akamfasiria jina: Namphamo ni mtu wa mguu wa heri, ambaye akiingia nyumbani kwako neema inaingia naye. N-'-M, mguu wenye neema.

Mkataa kwao mtumwa, walisema wazee wetu. Maximus alikuwa na elimu, na sina shaka alijua Kilatini kizuri. Lakini lugha haifi siku adui anapochoma maktaba. Inaanza kufa siku mwalimu aliyezaliwa ndani yake anapolisikia jina la jirani akacheka, na watoto walioketi mbele yake wakacheka pamoja naye. Mtoto aliyecheka hatamwita mwanawe jina hilo.

Nilimjua mtu aliyechekwa namna hiyo. Katika miaka ya 70 mwalimu kijana alipita mtaani kwetu kuandikisha watu kwa ajili ya kisomo cha watu wazima. Kazi ile ilikuwa njema na ninaiheshimu hadi leo. Alimuuliza bibi yangu mzaa mama kama anajua kusoma. Bibi akaenda ndani akarudi na daftari lake la hesabu za nazi, miaka mingi ya hesabu, kila mkwezi na kila deni, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu. Kijana alilitazama, akatabasamu, akasema hayo si maandishi ya siku hizi. Akaandika: hajui kusoma wala kuandika. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na sare yangu ya shule, nami nilitabasamu. Nimeibeba tabasamu ile mpaka uzeeni.

Bibi hakubishana. Alikwenda kisomo kila jioni, akakaa kwenye benchi la watoto, na usiku mimi nikawa mwalimu wake wa pili. Alikuwa mwepesi, jambo lililonishangaza na halikupaswa kunishangaza. Wiki ya tatu aliomba nimfundishe kuandika jina la babu, aliyekuwa amefariki kabla sijazaliwa. Nikaliandika kwenye daftari jipya, kwa kalamu ya risasi: Omari. Akalinakili chini yangu polepole, akianza na ile duara, akiikaza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Kisha akainua daftari karibu na kibatari, akaenda upande wa kulia wa ukurasa, na kwa mkono uliokuwa sasa hautetemeki akaliandika tena kwa herufi zake mwenyewe, akianza na aini.

Ilikuwa herufi ileile. O yangu na aini yake, jicho lile moja la Wakanaani, limepita Ugiriki na Roma likanifikia mimi, limepita kwa Waaramu na Waarabu likamfikia yeye, na usiku ule yalikuwa yanatazamana kwenye ukurasa mmoja wa daftari la kurasa arobaini. Mimi sikujua, na bibi hakujua. Aliipuliza karatasi kama mtu anayekausha wino, ingawa ilikuwa risasi, akauliza kama babu angeweza kulisoma.

"Lipi, bibi?"

"Yote mawili," akasema.